Skimu ya kazi isiishie kwenye droo: tulivyochora ramani ya masomo shuleni kwetu

Mwaka 2019 naripoti shule niliyopo mpaka leo, sekondari ya kata huku vijijini wilaya ya Bahi, Dodoma, mkuu wa shule alinipokea vizuri sana akanipeleka ofisi ya walimu akanionesha meza, madam hii ndo meza ya Jiografia, aliyekuwepo kahamishwa mwezi wa pili. Nikavuta droo. Ndani kulikuwa na chaki mbili, kifuniko cha kalamu na karatasi ya zamu ya mwaka uliopita. Skimu ya kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, hamna, logbuku ya kuandika kilichofundishwa hamna, hata daftari la maksi hamna. Ilikuwa mwezi wa nne unaanza, watoto wamekaa karibu wiki sita bila mwalimu wa somo, na mimi sijui wameachwa wapi.

Nikaingia kidato cha kwanza nikauliza, tumefika wapi? Mkondo A wakasema hali ya hewa, mkondo B wakasema tabianchi, nyuma kule kuna kijana akasema sisi madam tulikuwa tunachora tu. Ikabidi niombe madaftari. Kuna binti mmoja mwandiko wake mzuri, anaandika tarehe kila siku bila kukosa, yule ndo alikuwa skimu yangu kwa wiki tatu nzima. Kwa daftari lile niligundua kwamba mada ya hali ya hewa imefundishwa mara mbili, na kazi ya ramani haijaguswa kabisa, na ukienda kwa kidato cha nne ambao wana mtihani wa taifa wa NECTA mwezi wa kumi na moja, hali ilikuwa mbaya zaidi na siku hazirudi nyuma.

Nilikasirika wiki ya kwanza, ya pili hasira zikaisha. Maana nilijiuliza, mimi kule nilikotoka niliacha nini? Niliondoka na skimu zangu zote kwenye fleshi na logbuku nikaiweka kwenye begi kama ushahidi wa kazi yangu. Aliyekuja baada yangu naye alivuta droo akakuta chaki. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile karatasi ni ya watoto wale na ya mwalimu atakayefuata, si ya kwangu, na toka siku ile jambo hili halijanitoka kichwani, ndo maana nimekaa likizo hii ya Juni 2025 naliandika.

Kwa ambaye si mwalimu nieleze kidogo mambo yanavyokwenda. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambayo ipo toka 1975, ndo inatengeneza mtaala na mihtasari ya masomo, yaani silabasi, nchi nzima moja. Mwalimu anachukua silabasi anatengeneza azimio la kazi, wengi tunaita skimu, anagawa mada kwa miezi na wiki na idadi ya vipindi, kipindi kimoja dakika 40. Kutoka kwenye skimu anatoa andalio la somo la kila kipindi. Akishafundisha anajaza logbuku, tarehe, mada, na sahihi. Mkuu wa idara anapitia, mwalimu wa taaluma anagonga muhuri, mkuu wa shule anasaini, na siku wathibiti ubora wakija wanaomba mafaili wanakagua. Sasa angalia hiyo njia yote. Karatasi inashuka kutoka TET mpaka kwangu halafu inapanda kutoka kwangu mpaka kwa mthibiti. Hakuna mahali inapokwenda pembeni, kwa mwalimu wa Fizikia anayekaa meza ya pili, au kwa mwalimu wa Kiingereza anayeingia darasa hilohilo nikitoka mimi. Watoto ni walewale arobaini na kitu, wanaona masomo yote kwa siku moja, sisi kila mtu anaona la kwake tu.

Hilo nililiona vizuri siku moja saa nne, muda wa chai. Nilikuwa nimetoka kidato cha kwanza kufundisha mahesabu ya muda kwa longitudo. Si unajua ile, dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo digrii 15 ni saa moja, digrii moja dakika nne. Nikawapa mfano wa nyumbani, Dodoma ipo karibu na digrii 36 mashariki, Greenwich, kwenye digrii sifuri, ikiwa saa sita kamili mchana huku kwetu saa ngapi kwa jua? Thelathini na sita mara nne wakapata, 144, vizuri kabisa. Kugeuza dakika 144 kuwa saa mbili na dakika 24, darasa zima kimya. Wengine wakaandika saa moja na dakika 44, wengine wakaweka nukta katikati, 1.44. Kipindi kikaisha hapohapo na mimi nimeacha Jiografia nafundisha kugawa kwa sitini.

Nikawa nalalamika kwa mwalimu wa hesabu tukiwa tunakunywa chai na maandazi, nikasema hawa watoto wako hata kugeuza dakika hawajui. Akaniuliza kwa upole tu, madam, hii ni mwezi wa ngapi? Nikamwambia wa tatu. Akasema mimi nipo kwenye desimali na asilimia, vipimo ndo vinafuata, saa na dakika zipo hukohuko mbele, na hiyo longitudo unayoisema mimi naifundisha kidato cha tatu kwenye mada ya dunia kama tufe. Nikashtuka. Yaani kitu ambacho mimi nakihitaji fomu wani, silabasi ya hesabu inakileta miaka miwili baadaye, na mimi nimefundisha miaka sijawahi kufungua silabasi ya hesabu hata siku moja kuangalia!

Mwalimu wa Fizikia akasikia akasogeza kiti. Akasema nyie mnalia na dakika, mimi kidato cha tatu nina mada ya matumizi ya vekta, vile vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, jumlisha nguvu mbili kwa pembenne sambamba, nachora mishale ubaoni, nawafundisha vekta ni nini kutoka sifuri. Mwalimu wa hesabu akasema vekta kwangu ni kidato cha nne. Wakatazamana. Miaka yote wanakaa meza zinazogusana, mmoja anafundisha vekta kwa haraka na kwa taabu maana si kazi yake, mwenzake mwaka unaofuata anaanza upya kana kwamba watoto hawajawahi kuona mshale. Halafu ikaja na ile ya kuandika namba kubwa na ndogo kwa vipeo vya kumi, Fizikia inaitaka kidato cha kwanza kwenye densiti na presha, hesabu inaifikia kidato cha pili kwenye logi. Na mteremko wa grafu, Fizikia anachora grafu ya springi na uzito anaomba watoto watafute mteremko, na mteremko upo kwenye jiometri ya majira, ile ya kuweka nukta kwenye grafu, mwishomwisho wa mwaka wa kwanza. Hiyo yote ni silabasi ya zamani, ambayo kidato cha pili mpaka cha nne walikuwa bado wanaitumia mwaka 2025.

Chai ilipoa siku ile. Ndo tukaamua tuchore ramani ya masomo yote, mwezi kwa mwezi.

Tulifanyaje. Tuliomba kwa mkuu nafasi ya vile vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, maana muda wake upo kwenye ratiba tayari na mara nyingi tunakosa cha kujadili chenye uzito. Tukanunua manila nne, zile karatasi kubwa ngumu, maka peni, na selotepu. Tukaziunganisha manila ukutani ofisini, juu tukaandika miezi kuanzia Januari mpaka Novemba, pembeni masomo, kila kidato manila yake. Kila mwalimu alikuja na skimu yake ya kweli. Na hatukuandika mada moja kwa moja kwenye manila, hilo ni wazo la mwalimu wa Kemia na lilitusaidia sana, tuliandika kwenye vipande vya karatasi vya kukata tukabandika na selotepu, ili kipande kikitakiwa kuhama kihame bila kuchafua kazi.

Kwenye kila kipande mwalimu aliandika vitu vitatu tu. Mada, halafu nini watoto wawe wanajua kabla sijaanza, halafu nini watatoka nacho. Mada kila mtu aliandika kwa dakika mbili. Kile cha "kabla" ndo kilitumaliza nguvu. Mwalimu wa Kemia alikaa na kipande cha mada ya moli dakika ishirini, mwisho akaandika uwiano, desimali, vipeo vya kumi, kusoma sentensi ndefu ya Kiingereza yenye masharti. Kusoma sentensi ndefu! Mwalimu wa Kiingereza alisoma kile kipande akanyamaza kidogo, akasema mimi sentensi za masharti naziweka muhula wa pili maana naziona ngumu, kumbe nyie mnazitaka mapema. Akasogeza kipande chake wiki nane nyuma palepale mbele yetu.

Hapo kwenye Kiingereza nikae kidogo maana huku kwetu ni jambo zito. Watoto wetu wengi nyumbani wanaongea Kigogo, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu Januari wanaingia sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Zile wiki za mwanzo za kozi ya lugha zinasaidia ila zinafundisha salamu na kujitambulisha na vitu vya darasani kwa ujumla. Kwenye ramani yetu mwalimu wa Kiingereza aliongeza mstari wake wa chini kabisa, akaomba kila somo limpe maneno kumi ya mwezi unaofuata. Biolojia wakampa yao, Historia wakampa yao, mimi nikampa "mwinuko, mteremko, tambarare, bonde" kwa Kiingereza chake, na yale ya amri za mtihani, eleza, fafanua, linganisha, taja, ambayo mtoto akichanganya anakosa maksi hata kama jibu analo. Anayafundisha kwenye ufahamu na kwenye imla. Hii haikugharimu hata shilingi, na kwa maoni yangu ndo sehemu iliyoleta matunda haraka kuliko zote, mtoto anakuja kwenye kipindi changu neno ameshalisikia mahali.

Kingine tulichokiona ukutani ni marudio. Mmomonyoko wa udongo. Jiografia ipo, Kilimo ipo, Biolojia inaigusa kwenye mazingira, Uraia nao wanaisema. Mara nne, na mara zote tunaanza na mmomonyoko ni nini, tunataja sababu, ukataji miti, mifugo mingi, tunafunga daftari. Mtoto anaandika orodha ileile mara nne. Na sisi tupo Dodoma! Kondoa ipo hapo juu, milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na maji mpaka makorongo yakawa mabonde, serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililoharibika ili nyasi na miti irudi. Ni mfano mkubwa na wazee wapo wanaokumbuka ng'ombe walivyotolewa, na sisi tunawasomesha watoto mifano ya vitabuni ya nchi za mbali. Tukakaa wanne tukagawana. Jiografia nachukua jinsi maji na upepo vinavyobeba udongo na mteremko unavyochangia, Kilimo anachukua matuta na makinga maji, Biolojia anachukua nini kinatokea mimea ikirudi, Uraia anachukua swali gumu, ni haki au si haki mfugaji kuambiwa aondoe ng'ombe wake, na nani aamue. Kondoa ni ileile kwa masomo yote manne. Na Historia akaomba aunganishwe, maana Kolo ipo njia hiyohiyo na michoro ya miambani imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2006. Safari moja, masomo matano. Hatujapata hela ya kwenda bado, nasema ukweli, tumeenda korongo lililopo nyuma ya shule tukapima kwa kamba na bado ilikuwa siku nzuri kuliko wiki nzima ya kunakili ubaoni.

Halafu msimu. Nadhani hili wenzetu wa Kagera hawalioni sana ila sisi wa kanda ya kati mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu wa Biolojia alikuwa na sehemu za ua na uchavushaji mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa Bahi! Maua yaliyopo ni bogamvilea mbele ya ofisi tu, na lile ukilichana linawachanganya watoto maana ile rangi wanayoiona si petali. Tukasogeza kipande mpaka mwezi wa tatu, wakati vichaka vyote vimechanua na wadudu wapo. Uyoga nao hivyohivyo. Mimi upimaji wa ardhi wa mnyororo nikaupeleka Julai kwa sababu Februari uwanja wetu ni tope na nyasi mpaka kiunoni. Na mahudhurio, Januari mpaka Machi watoto wengi wapo shambani na wazazi, wengine wanalinda ndege kwenye uwele na mtama, wengine wapo mpunga, hilo lipo na litakuwepo, kwa hiyo mada ambayo kila kitu kinaitegemea ukiiweka Februari wiki ya pili unajua kabisa theluthi ya darasa haitaisikia. Tuliweka alama ya nyota kwenye mada mama, na kila mada yenye nyota iliyoangukia kipindi hicho tukaipangia vipindi viwili vya kurudia mwezi wa tano. Bila kuona miezi yote kwa pamoja ukutani sidhani kama tungelifikiria hilo.

Inaruhusiwa kupangua hivyo? Tuliliuliza sana swali hili, kuna mwalimu mzee wetu ambaye ninamheshimu mno aliuliza kila kikao, watoto wangu, silabasi ya serikali mnaigeuza? Jibu letu ni kwamba hatuondoi mada na hatuongezi, kila kilichopo kidato hicho kinafundishwa kidato hicho, tunachosogeza ni wiki. Vekta za hesabu hatukuzileta kidato cha tatu, zimebaki kidato cha nne, ila mwalimu wa hesabu anaingia darasani na mwalimu wa Fizikia vipindi viwili tu kidato cha tatu, anawapa msingi kwa lugha na alama zilezile atakazotumia yeye mwaka unaofuata. Alama zilezile, hilo muhimu, maana tuligundua mmoja anaweka mshale juu ya herufi na mwingine anapiga mstari chini na watoto walidhani ni vitu viwili tofauti.

Wazo lenyewe la kuchora ramani ya mtaala si letu, baadaye nilisoma kwamba Marekani wanalo muda mrefu, Heidi Hayes Jacobs amelieneza sana toka miaka ya 1990, kila mwalimu anaandika kwa kalenda kile anachofundisha, wenzake wanasoma, wanatafuta mapengo na marudio. Anatofautisha ramani ya mpango, yaani ulichokusudia, na ramani ya shajara, yaani kilichotokea kweli. Ila kule hawana silabasi moja ya nchi, majimbo na wilaya zinajipangia, kwa hiyo ramani inawasaidia hata kujua wafundishe nini. Sisi cha kufundisha tumeshapewa. Kazi ya ramani kwetu ni lini, kwa mpangilio gani, na je imefundishwa kweli.

Hapo kwenye "kweli" ndo tulipovutana zaidi. Logbuku nyingi, na mimi nilikuwa hivyohivyo, kolamu ya maoni inaandikwa "mada imefundishwa na imeeleweka", ukurasa wote, mwaka mzima. Tukakubaliana kwamba kwenye manila tutatumia maka peni nyekundu, kila Ijumaa mwalimu anaandika juu ya kipande chake kilichotokea: imeisha, imefika nusu, imefundishwa ila nusu ya darasa haikuelewa, haikufundishwa nilikuwa kusimamia mitihani. Wiki ya kwanza nyekundu ilikuwa chache, watu wanaogopa. Mthibiti akija akiona nyekundu je? Mkuu wa shule, na namshukuru kwa hili, alisimama kwenye kikao akasema nyekundu ukutani ni ya kwetu, nitaieleza mimi. Na yeye ana vipindi viwili vya Historia, akaenda akaandika kwa mkono wake, "sijaingia darasani wiki mbili, vikao." Baada ya hapo watu waliandika.

Nyekundu inauma kuiangalia. Kuna siku nilisimama pale nikaona mada yangu ya kusoma ramani kidato cha tatu imeandikwa nusu, nusu, nusu, wiki nne, nikaenda kwa mwalimu wa hesabu nikamuomba skeli na uwiano tufundishe pamoja. Kabla ya hapo ningenyamaza na kusonga mbele maana silabasi lazima iishe kabla ya moko, ule mtihani wa majaribio.

Sasa kushirikishana kwa simu na kompyuta. Tulijaribu shiti ya Google ambayo wote tunaiandika. Kwa sisi haikukaa, bando, umeme, na simu nyingi za walimu ni ndogo, ukifungua jedwali la kolamu kumi na mbili huoni kitu. Kinachofanya kazi ni picha ya manila kila Ijumaa jioni kwenye grupu la WhatsApp la walimu, na mwalimu wa taaluma anahamishia kwenye kompyuta ya shule mwisho wa mwezi, anatoa kopi moja inakaa kwenye faili ofisini. Faili ni la shule. Anayehama anahama, faili linabaki.

Na hapa niseme jambo kuhusu hizi skimu za kununua. Kwenye magrupu ya walimu zinauzwa, unalipa elfu mbili elfu tatu unatumiwa pidiefu la mwaka mzima. Siwalaumu wanaonunua, mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki na masomo mawili atakaa lini aandike, na kuna walimu wanatengeneza kazi nzuri kweli. Ila skimu iliyoandikwa kwa ajili ya shule ya Moshi haijui kwamba mwezi wa pili watoto wangu wapo shamba, haijui kwamba mwalimu wangu wa hesabu yupo mmoja kwa vidato vyote. Nimeona ya mwenzangu imeandika wiki ya likizo ambayo kwa kalenda ya mwaka huo tulikuwa darasani. Chukua, soma, ikusaidie, halafu keti na walimu wa darasa lako muichane upya. Vitabu tunavyo bure kwenye Maktaba Mtandao ya TET, muda ndo tunaokosa, na muda nimeona unapatikana tukifanya wote badala ya kila mtu usiku kwake.

Mwaka 2025 kazi iliongezeka maana kuanzia Januari kidato cha kwanza walianza mtaala ulioboreshwa. Muhtasari wake umepangwa tofauti, umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, vigezo vya upimaji. Kwa hiyo mwaka huo ukutani tulikuwa na lugha mbili, vidato vitatu vinaongea mada na kimoja kinaongea umahiri. Mwanzoni tulichanganyikiwa. Halafu tukaona kwamba ile kolamu yetu ya "nini watatoka nacho" inakaa vizuri sana na umahiri mahususi, mtoto aweze kufanya nini, ndo hicho hicho tulichokuwa tunakitafuta. Kilichobadilika ni kwamba yale niliyoyazoea ya mapishano kati ya Jiografia na hesabu siwezi kuyategemea tena, lazima tufungue mihtasari mipya yote tuisome upya mmoja mmoja tukiwa pamoja. Kwa kidato cha kwanza tumefika nusu tu. Pia kuna Historia ya Tanzania na Maadili ambayo ni somo jipya, mwalimu wake anaomba sana kujua Uraia wa zamani umegusa nini ili vidato vya juu na vya chini visiachane mbali.

Mwezi wa nne mwalimu wetu wa hesabu alipata uhamisho kwenda Singida, karibu na familia yake, tulimfurahia na tuliumia. Jioni ya mwisho alibaki ofisini mpaka giza, anaandika nyekundu, kidato kwa kidato, na pale ambapo hakumaliza hakuficha. Mpya alikuja baada ya wiki tano, kijana katoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mgeni kabisa huku. Nilimuona amesimama mbele ya manila muda mrefu na daftari lake, halafu akanigeukia akaniuliza, madam, hapa kidato cha kwanza vipimo pameandikwa dakika na saa bado, Jiografia wanazihitaji, ni nyie? Nikamwambia ndiyo mwalimu, ni mimi. Akaanza na hizo kesho yake kipindi cha kwanza.

Shule zikifunguliwa Julai tuna kazi ya kumalizia ile nusu ya kidato cha kwanza, na manila ya kidato cha tatu imelowana, bati linavuja pale juu na mvua ya mwisho iliipata, kwa hiyo Jumamosi naenda mjini, nikishuka naenda soko la Sabasaba kutafuta manila mpya na zile selotepu pana. Kama upo shule yoyote ya Bahi, Chamwino, Kongwa au popote huku kati na mna ya kwenu, ya namna yoyote, hata kama imejaa nyekundu, naomba nione picha yake, hasa nyie mliomaliza kuchora ya kidato cha kwanza.